Vali ya Majengo

Mgeni njoo, mwenyeji apone: ndivyo tulivyokuwa tukisema.
Wakaja. Walishuka nyuma ya Kibo wakati kahawa imechanua,
na maua yakapukutika siku hiyo hiyo,
meupe, kama sanda iliyokung'utwa.

Sura zao sikuziona. Sauti tu,
nayo waliiazima kwa marehemu baba:
Kichagga cha Uru, kile kile,
ila salamu ya jioni wanaitoa asubuhi.

Mimi Aminieli ni mtu wa maji.
Miaka kumi na tisa nimeshika funguo za tangi.
Watu wa Moshi nawajua kwa saa zao za bomba:
Kiborloni hujaza madebe saa kumi alfajiri,
Njoro saa kumi na moja,
Pasua maji huwafikia yamechoka, uzi mwembamba,
Majengo ndio wa mwisho, na wa kwanza kunitukana.

Wanaye mwanangu, Ndesanjo.
Wamemweka kule uwanja wa ndege,
ndani ya mwanga usio na mlango.
Kila jua likizama wananisikilizisha kikohozi chake.
Ana pumu. Hawasemi watamfanya nini.
Wanakiongeza sauti tu,
halafu wanakikata katikati.

Walinipa kitu mfano wa yai la kanga.
Baridi. Kizito kuliko umbo lake.
"Tia," akasema baba ambaye si baba,
"kisha nenda ukalale."

Nilitia.
Niandike tena, maana mkono unataka kuruka mstari:
nilitia. Saa tisa na robo usiku.
Hakikutoa povu. Hakikutoa harufu.
Nyota zilibaki mle majini zikitetemeka,
au nilitetemeka mimi,
nimeng'ang'ania ukingo, suruali imelowa,
na si kwa maji ya serikali.

Taa yao ilikuwa inazunguka mlimani.
Dakika tisa kabla haijarudi.
Vali ziko nne shimoni, kila moja mizunguko sitini.
Dakika tisa ni vali moja,
ukiwa na bahati.

Mtaniuliza nilichaguaje.
Kiborloni yuko dada yangu Eliaichi na wajukuu zake watatu.
Njoro lipo kanisa nililofungia ndoa.
Pasua nina rafiki, na nina deni, kwa mtu mmoja.
Ningependa kusema nilisali, nikapima, moyo ukanena.
Nilianza na ya Kiborloni. Kutu. Haikusogea hata nusu.
Nikaining'inia kwa uzito wangu wote. Haikusogea.
Ya Njoro vivyo hivyo.
Ya Majengo nilikuwa nimeipaka grisi Jumanne,
grisi ya kukomba, kidole kimoja,
kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na ngazi.
Ikakubali.

Mtaa mzima, kwa kidole cha grisi.

Kulipokucha nilikaa juu ya mfuniko wa tangi na simu mkononi.
Namba yangu mji mzima wanayo,
wameiandika kwa mkaa kwenye kuta za mabomba.
Eliaichi nilimpigia. Iliita mpaka ikakata.
Nikapiga tena. Iliita.
Rafiki yangu wa Pasua, vilevile.
Kule Kiborloni jogoo aliwika,
kisha redio moja ikaanza kusoma taarifa ya habari,
ikaimaliza, ikapiga muziki,
wala hakuna aliyeinuka kuipunguza.

Saa kumi na mbili na nusu simu ikaita.
Mwanaidi wa Majengo, muuza chapati.
"Aminieli! Mgao tena? Unga nimeshauweka kwenye beseni!
Mungu akulaani wewe na kizazi chako chote!"
Kwa nyuma yake nikasikia ndoo zikigongana,
mtoto akililia sare,
bomba likikohoa hewa tupu.

Likikohoa.

Sikumjibu. Alipumzika, akavuta pumzi,
pumzi nzima, ya kujaza kifua,
akaanza upya na mama yangu.
Endelea, nikamwambia. Endelea, dada.
Usikate.
Salio likiisha nitakupigia mimi.